Bega Lililoteguka: Kisu au Bila Kisu?

Kila msimu wa mpira haukosi kijana atolewaye uwanjani, ameushika mkono mmoja kwa mkono wa pili, na bega limebonyea. Hapo huzuka mabishano. Mmoja asema, "Mvuteni tu, litarudi." Mwingine asema, "La, hilo ni la kupasuliwa Mbarara." Maneno yote mawili yana ukweli kidogo na hatari nyingi, kwa hiyo yafaa tuelezane.

Kiungo cha bega si kama cha nyonga. Mfupa wa paja hukaa katika nyonga kama mchi ndani ya kinu. Lakini kichwa cha mfupa wa mkono hukaa kama chungwa juu ya kisahani. Ndiyo sababu twaweza kurusha jiwe na kuogelea, na ndiyo sababu bega huteguka upesi. Kinachokizuia kichwa hicho kisitoke ni misuli, kano, na ukingo laini unaokizunguka kisahani. Katika watu 100 walioteguka bega, zaidi ya 90 mfupa hutoka upande wa mbele.

Matibabu ya kwanza, karibu kwa kila mtu, hayana kisu. Daktari humpa mgonjwa dawa ya kutuliza maumivu, kisha huurudisha mfupa polepole. Ufundi huu ni wa kale: Hippocrates wa Uyunani alikuwa nao zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na mwaka 1870 Theodor Kocher wa Uswisi alieleza njia yake ya kuuzungusha mkono. Baadaye mkono huning'inizwa shingoni kwa kitambaa majuma machache, kisha hufuata mazoezi ya kuitia misuli nguvu.

Lakini kuvuta ovyo si utabibu. Karibu na kiungo hicho hupita mishipa ya fahamu na mishipa mikubwa ya damu. Tena huenda mfupa umevunjika, jambo lionekanalo kwa picha ya eksirei tu. Kwa hiyo daktari hupima mapigo ya damu mkononi na hisia ya ngozi ya bega, kabla ya kuurudisha mfupa na baada yake.

Kisu basi huja lini? Huja mfupa ukikataa kurudi, ukivunjika vibaya, au bega likizoea kutoka. Mwaka 1923 Blundell Bankart wa London alieleza kwamba katika mabega ya namna hiyo ule ukingo laini umebanduka, nao wapaswa kushonwa mahali pake. Mwaka 1954 Michel Latarjet wa Ufaransa alieleza njia ya kukata kipande cha mfupa wa kombe la bega na kukikaza kwa skrubu mbele ya kisahani, kiwe kama kizingiti.

Bega la kijana hurudia kutoka kuliko la mzee. Hata hivyo si kila kijana apasuliwe. Huko Uswidi Lennart Hovelius na wenzake waliwafuata wagonjwa kwa miaka 25. Mwaka 2008 walitangaza kwamba kwa wale wa umri wa miaka 12 hadi 25 waliotibiwa bila kisu, nusu ya mabega hayakurudia kutoka au yalitulia baadaye. Upasuaji hupunguza sana kurudia huko, lakini una gharama, na kidonda huweza kuingia vijidudu. Basi daktari huuliza: una umri gani, kazi yako ni ipi, limetoka mara ngapi? Kipa na mchukuzi wa mizigo hawatajibiwa sawa na karani.

Kwetu kuna swali la nne, nalo ni njia. Makazi ya Nakivale, yaliyofunguliwa mwaka 1958, yana vituo vya afya. Lakini hospitali kubwa ya rufaa iko Mbarara, mwendo wa kilomita kama 60. Safari yataka nauli na mtu wa kumsindikiza mgonjwa. Kwa hiyo huyu hukandwa kwa maji moto nyumbani, yule hupelekwa kwa mwunga mifupa, na siku zinapita. Bega lililokaa nje majuma matatu au zaidi limekwisha kushikwa na makovu. Kulivuta ni hatari, na mara nyingi hapo hubaki kisu tu. Aliyeogopa nauli moja hulipa nyingi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Basi, ndugu zangu, mwenzenu akiteguka bega, msimvute. Mfungeni mkono jinsi ulivyo kwa leso au shati. Msimpe chakula, maana huenda akahitaji dawa ya usingizi. Mfikisheni kituo cha afya siku ile ile. Nanyi ndugu zetu mliokwisha kuhitimu, mlio na pikipiki au gari, msaada wenu wa siku hiyo moja waweza kumwepusha mtu na kisu. Na aliyetokwa na bega mara ya pili au ya tatu asiseme amezoea. Huo ndio wakati wa kwenda Mbarara kuuliza habari za upasuaji.