Nduthi ya Kugo Iko Kwa Stoo Si Skrapu, Ni Babu ya Boda Yako

Simama steji ya Kapsoit dakika tano tu, pale barabara ya Sondu inachomoka kwa ile ya Kericho–Kisumu, uhesabu nduthi. Boxer, TVS, za Mchina, zote ziko hapo zinangoja wateja. Sasa ingia ndani kidogo, kwa yale maboma majani chai imefika karibu na mlango, uchungulie stoo. Kuna moja imefunikwa gunia la mbolea. Yamaha DT, ama AG100, ama kaHonda kamechoka. Jamaa wa skrapu akipita na mizani yake, mtu wa boma anamwambia, "Beba na hiyo pia."

Manze, ngoja kwanza. Ujue unauza nini.

Hizi vitu zilikuja kufanya nini?

Yamaha walitoa DT ya kwanza mwaka wa 1968, cc 250, nduthi moja ya lami na ya matope pia. Wadogo zake, 125 na 175, ndio walizoeleka huku mashinani. AG100 nayo iliundwa kwa ajili ya shamba. Hiyo AG ni ufupi wa neno la Kizungu la kilimo, si mchezo. Cheni imefunikwa yote ndio matope isiikule, keria iko mbele na nyuma, na stendi ziko pande zote mbili ndio uweze kuiegesha kwa mteremko. Kama unajua milima ya Kericho na Bomet, unajua hiyo stendi ya pili si urembo.

Waliozipanda walikuwa watu wa kazi: afisa wa kilimo, padri, chifu, mtu wa chanjo. Na ule mlio wa "ring-ding" na moshi wa bluu nyuma una sababu. DT za enzi hizo na AG100 zina injini ya mipigo miwili, yaani petroli inalipuka kila mzunguko mmoja wa injini. Boda ya leo ina mipigo minne, inalipuka mara moja kwa mizunguko miwili. Ndio maana ile ya kitambo hupiga kelele haraka haraka, na oili yake huchomeka pamoja na petroli. Hata jina "pikipiki" lenyewe ni kuiga mlio wa injini.

Ukoo wa boda yako

Kwa Wakipsigis, oret ni njia na pia ni ukoo. Basi hebu tufuate oret ya hiyo nduthi unapanda kila asubuhi.

Anza na za Mchina. Mwaka wa 1976 Honda walitoa CG125. Waliona nchi kama zetu mtu anabeba mzigo mzito na mambo ya service anayakumbuka nduthi ikishakufa. Kwa hivyo wakaunda injini rahisi: badala ya cheni ya ndani ya kuendesha valvu, wakaweka vijiti vya chuma vinavyozisukuma. Vitu vichache vya kuharibika, fundi yeyote anaelewa. Viwanda vya China vikainakili injini hiyo, na nduthi nyingi za Mchina unazoona Afrika Mashariki ni wajukuu wa CG.

Boxer ni ukoo mwingine. Bajaj wa India waliungana na Kawasaki wa Japani miaka ya 1980. TVS nao, miaka hiyo hiyo, wakaungana na Suzuki. Halafu 2008 serikali ya Kenya ikaondoa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250, bei ikashuka, na vijana wakajaa steji. Kwa hivyo ukisema nduthi ya kugo ni ya ushamba, unatusi ukoo wa ile unayolipia fare.

Mbona za wenzetu ziko kwa sinema?

Marekani, pikipiki ya kitambo ni ya muasi. Marlon Brando alipanda Triumph kwa filamu ya The Wild One mwaka wa 1953, na vijana wakaanza kuvaa jaketi za ngozi kama yeye. Japani, Honda Super Cub ya 1958 ikawa ya kila mtu, hadi 2017 zikafika milioni 100 zilizoundwa. Mashindano ya kwanza ya Paris–Dakar yaliisha Januari 1979, na aliyeshinda, Cyril Neveu, alikuwa kwa Yamaha XT500. Zanzibar, Vespa ya Mwitaliano imekuwa sehemu ya mtaa kabisa.

Na Afrika tulikuwa na yetu kitambo. Mwaka wa 1973 Djibril Diop Mambéty wa Senegal alitoa filamu, Touki Bouki, yenye kijana anazunguka Dakar na pikipiki iliyofungwa pembe za ng'ombe mbele. Miaka 45 baadaye, 2018, Beyoncé na Jay-Z wakapiga picha ya kutangaza ziara yao na pikipiki ya pembe hivyo hivyo. Dunia ikasema ni noma. Boda wa huku anafunga mwavuli, stika na mataa ya rangi, tunamwita mshamba. Hebu fikiria.

Tofauti ni hii: kwao heshima ya pikipiki ilitoka kwa filamu, kwetu ilitoka kwa kazi. Hakuna mtu ametengeneza filamu ya afisa wa kilimo akipanda mlima na AG100 kwa mvua. Tukiuza hizo mashine kwa kilo, hata kitu cha kuonyesha hatutakuwa nacho.

Sasa ufanye nini na ile iko kwa stoo?

Kwanza, tafuta logbook. Linganisha namba ya chesi na ya injini na zilizoandikwa. Zikikosana, tulia, uliza wazee kabla ya kununua ama kuuza.

Pili, kama kugo alishafariki na logbook iko kwa jina lake, huwezi kubadilisha umiliki hivi hivi. Familia inaanza na barua ya chifu, inaenda kortini kwa mambo ya mirathi, halafu ndio NTSA. Fanyeni hiyo mkiwa bado mnaongea vizuri. Nduthi moja inaweza kukosanisha mashemeji.

Tatu, usiipige kiki siku ya kwanza. Mwaga petroli ya zamani, angalia kutu kwa tenki, safisha kabureta. Na kama ni DT ama AG100, jaza ile tenki ndogo ya oili na uhakikishe pampu yake inafanya kazi. Oili isipofika, pistoni inashika na umemaliza.

Nne, ikinguruma, usitoke nayo barabarani bila bima na helmeti, hata kama unaenda tu kununua maziwa hapo Kapsoit.

Na jamaa wa mizani akirudi, mpe sufuria zilizotoboka.