Usawa wa rangi huletwa na vitendo: mfano wa jiji la Atlanta

Mwezi wa Aprili, mwaka 1948, wanaume wanane weusi waliapishwa kuwa askari polisi katika jiji la Atlanta, makao makuu ya jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Walikuwa askari weusi wa kwanza wa jiji hilo. Walipewa sare na silaha kama wenzao, lakini hawakupewa madaraka ya kumkamata Mzungu. Mzungu akitenda kosa mbele ya macho yao, hawakuwa na la kufanya ila kumwita askari wa Kizungu. Hawakuruhusiwa kukaa katika kituo kikuu cha polisi. Kituo chao kiliwekwa katika chumba cha chini cha jengo la Chama cha Vijana wa Kikristo, mtaa wa Butler. Magari ya doria hawakupewa, na zamu ilipokwisha hawakuruhusiwa kurudi nyumbani wakiwa wamevaa sare.

Kila askari, na kila mke na mtoto wa askari, anafahamu uzito wa jambo hilo. Sare ni heshima ya serikali, na anayeivaa husimama mahali pa sheria. Kumvika mtu sare kisha kumwambia kwamba sheria hiyo isiwaguse watu wa rangi fulani ni sawa na kumpa bunduki isiyo na risasi.

Hata hivyo, mwaka 1994, yaani miaka 46 baadaye, mwanamke mweusi aitwaye Beverly Harvard, aliyejiunga na polisi wa Atlanta mwaka 1973, aliteuliwa kuwa mkuu wa jeshi hilo hilo. Alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuongoza polisi wa jiji kubwa katika Marekani. Hapana shaka kwamba mabadiliko makubwa kama hayo hayaletwi na hotuba. Yaliletwa na wananchi waliodai haki zao, na serikali ya jiji iliyojifunza polepole kutumia vyema madaraka iliyokuwa nayo: kuajiri, kutoa zabuni, kupanga mitaa na kutunza fedha za umma.

KURA KABLA YA SARE

Askari wale wanane hawakuajiriwa kwa hisani. Kwa miaka mingi chama kilichotawala siasa za Georgia kilikuwa kikiwazuia watu weusi kupiga kura katika uchaguzi wa awali, ambao ndio ulioamua mshindi. Mwaka 1946 mahakama zilikatisha utaratibu huo. Mara moja viongozi wa makanisa, walimu na wafanya biashara weusi wa Atlanta walipita nyumba kwa nyumba wakiwahimiza watu kujiandikisha, na katika muda wa miezi michache orodha ya wapiga kura weusi ilipita 20,000.

Meya wa wakati huo, William Hartsfield, hapo awali hakuyasikiliza sana maombi ya watu weusi waliotaka askari wa rangi yao. Baada ya kuiona orodha ile, masikio yake yalifunguka. Hilo ni funzo la kwanza la Atlanta: serikali ya jiji huwatazama wale walio na sauti katika kuiweka madarakani au kuiondoa.

UKUTA WA BARABARA YA PEYTON

Lakini madaraka ya jiji ni kama kisu cha jikoni. Hukata mboga na hukata kidole. Mnamo Desemba 1962, baada ya daktari mmoja mweusi kutaka nyumba katika mtaa wa Wazungu upande wa kusini-magharibi, Meya Ivan Allen aliamuru vizuizi viwekwe katika barabara mbili, Peyton na Harlan, ili watu weusi wasiendelee kuhamia upande ule. Watu waliviita Ukuta wa Atlanta, wakivilinganisha na ule uliojengwa Berlin mwaka mmoja kabla. Mahakama iliamua kwamba vizuizi hivyo ni kinyume cha sheria, na tarehe 1 Machi 1963 viliondolewa.

Ajabu ni kwamba Julai mwaka huo huo Meya Allen alikwenda Washington kulieleza Bunge la Marekani kwamba sheria ya kupiga marufuku ubaguzi katika hoteli na mikahawa ilihitajika. Alikuwa mmoja wa Wazungu wachache mno wenye vyeo huko kusini waliothubutu kufanya hivyo. Mkono ulioamuru ukuta ndio ulioinuliwa kutetea haki. Ni dhahiri basi kwamba raia hawezi kutegemea moyo mwema wa mkubwa mmoja, maana moyo hugeuka. Hana budi kutegemea sheria na utaratibu.

MEYA MWENYE UMRI WA MIAKA 35

Hesabu ya watu ya mwaka 1970 ilionyesha kwamba watu weusi wamekuwa zaidi ya nusu ya wakazi wa Atlanta. Mnamo Oktoba 1973 walimchagua mwanasheria kijana, Maynard Jackson, aliyemshinda Meya Sam Massell. Jackson aliapishwa Januari 1974 akiwa na umri wa miaka 35, akawa mtu mweusi wa kwanza kushika umeya wa jiji kubwa la kusini. Katiba mpya ya jiji, iliyoanza kutumika wakati huo huo, ilimwongezea Meya madaraka.

Jackson alianza kwa kutazama vitabu vya hesabu. Aliona kwamba katika kila dola 100 ambazo jiji lililipa wakandarasi, kampuni za watu weusi zilikuwa hazipati hata dola moja, ilhali watu weusi ndio waliokuwa wengi kati ya wakazi wa jiji. Kadhalika, fedha za jiji ziliwekwa katika mabenki ambayo wakurugenzi wake walikuwa karibu wote Wazungu wanaume. Jackson aliyaeleza mabenki hayo kwamba yasipofungua milango kwa watu weusi na wanawake, jiji litapeleka akiba yake kwingine.

Aidha, mwaka 1974 jiji lilianzisha kamati za mipango za mitaa. Katika kamati hizo mkazi yeyote aliweza kutoa maoni juu ya viwanja, majengo na vibali vya kuuza pombe kabla halmashauri haijaamua. Kamati hizo zingali zinafanya kazi.

UWANJA WA NDEGE

Mtihani mkubwa kuliko yote ulikuwa uwanja mpya wa ndege, kazi ya dola milioni 500 hivi. Meya alitaka karibu robo ya kazi hiyo iende kwa kampuni za watu weusi na wengine waliokuwa wakiachwa nje. Wakubwa wa biashara walipinga. Walisema kwamba kampuni hizo hazina uzoefu, na kwamba gharama zitapanda na kazi itachelewa.

Hoja ya uzoefu haikuwa ya uongo mtupu. Mkandarasi hapati kazi kubwa bila dhamana, wala hapati dhamana bila kuwa amewahi kufanya kazi kubwa. Aliyefungiwa nje kwa miaka mia angeupata wapi uzoefu? Jawabu la jiji lilikuwa ubia. Kampuni kubwa ya Wazungu iliyotaka zabuni ilitakiwa kushirikiana na kampuni ndogo ya watu weusi katika kazi moja, ili ndogo ijifunze na ijiwekee sifa. Meya alishikilia kwamba bila masharti hayo uwanja hautajengwa. Mabishano yaliendelea hadi 1976, na ujenzi ulianza 1977.

Mnamo Septemba 1980 jengo jipya la abiria lilifunguliwa. Lilimalizika kwa wakati na kwa gharama iliyokadiriwa, na leo uwanja huo ni miongoni mwa viwanja vinavyopitisha abiria wengi kuliko vyote duniani. Jackson alipofariki mwaka 2003, jina lake liliongezwa kwenye jina la Hartsfield, na uwanja ukaitwa Hartsfield-Jackson.

MAMBO YALIYOKWENDA MRAMA

Isidhaniwe kwamba kila kitu kilikuwa chema. Mwaka 1974 Jackson alimteua Reginald Eaves, mtu mweusi, kuwa mkuu wa usalama wa umma. Idadi ya askari weusi na maofisa weusi iliongezeka haraka. Lakini ikagunduliwa kwamba baadhi ya askari walikuwa wamepewa maswali ya mtihani wa kupandishwa cheo kabla ya siku ya mtihani. Eaves aliondoka mwaka 1978. Madhara yaliwaangukia hasa askari weusi waliofaulu kwa jasho lao, maana sasa kila tepe begani mwao lilitiliwa shaka.

Nafasi ya Eaves ilichukuliwa na Lee Brown, na George Napper akawa mkuu wa polisi wa kwanza mweusi wa Atlanta. Wote wawili walikuwa wasomi wenye shahada ya udaktari. Kwa hiyo jiji halikurudi nyuma. Lilichagua watu ambao ujuzi wao haukuwa na ubishi.

Jambo la pili liliwahusu wazoa taka, ambao wengi wao walikuwa weusi. Walipogoma mwaka 1970, Jackson, wakati huo akiwa makamu wa Meya, aliwaunga mkono. Walipogoma tena mwaka 1977 wakidai nyongeza ya senti 50 kwa saa, Jackson akiwa Meya alisema hazina ya jiji haina fedha hizo, akawafukuza kazi zaidi ya watu 900. Wengi walirudishwa baadaye, lakini kovu lilibaki. Mwaka ule wakandarasi weusi walikuwa wakiingia katika zabuni za mamilioni, huku mzoa taka mweusi akiomba kazi yake upya.

Jambo la tatu lilikuwa rushwa. Mwaka 1994 mtu aliyewahi kuwa diwani wa jiji alitiwa hatiani katika kesi iliyohusu maduka ya uwanja wa ndege. Mlango uliofunguliwa kwa ajili ya wengi ulikuwa umegeuzwa njia ya wachache.

MAHAKAMA YADAI USHAHIDI

Mwaka 1989 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi ya jiji la Richmond, kwamba jiji haliwezi kutenga sehemu ya zabuni kwa misingi ya rangi bila kuthibitisha ubaguzi uliofanyika mahali hapo. Mwaka huo huo Mahakama Kuu ya Georgia ilifuta utaratibu wa Atlanta. Jiji lililazimika kukusanya ushahidi kwa uangalifu, ndipo likatunga utaratibu mwingine.

Wapo waliolia kwamba haki imeuawa. Lakini uamuzi ule ulikuwa na fundisho kwa kila ofisi: kumbukumbu ni silaha ya mnyonge. Karani anayeandika kwa uaminifu nani aliomba kazi, nani alipewa na kwa sababu gani, anatetea usawa kuliko msemaji hodari asiye na daftari.

LILILOBAKI

Tangu Januari 1974 hadi leo mameya wote wa Atlanta wamekuwa watu weusi, na kati yao wawili walikuwa wanawake. Wafanya biashara weusi wa jiji hilo wanajulikana Marekani nzima. Hata hivyo, kipato cha kaya nyingi za watu weusi kingali chini sana kuliko cha kaya za Wazungu, na tofauti kati ya tajiri na maskini wa Atlanta ni miongoni mwa zilizo kubwa katika nchi hiyo.

Kubadili rangi ya walio mezani, basi, ni hatua ya lazima, lakini haitoshi. Askari wale wanane wa mwaka 1948 walipewa sare bila madaraka. Wazoa taka wa mwaka 1977 walikuwa na Meya wa rangi yao bila senti 50 walizoomba. Jiji linalotaka kujua kama raia wake ni sawa na lifungue vitabu vyake litazame zabuni zimekwenda wapi, askari amepandishwa cheo kwa mtihani gani, taka za mtaa upi huzolewa kila wiki, na yule anayezizoa anakwenda na shilingi ngapi nyumbani kwake.