Je, wajua? Mfanyakazi huchorwa karatasini kabla ya kupanda ukutani

Picha ya ukutani inayochorwa kwa rangi na maji juu ya lipu mbichi ya chokaa haianzi ukutani bali karatasini, kwa sababu chokaa inapokauka huvuta hewa ya ukaa na kugeuka jiwe linaloifunga rangi ndani yake, na kosa likishagandia humo haliondoki ila kwa kubomoa lipu. Fundi hupiga lipu ya kipande kinachoweza kumalizwa siku hiyohiyo, hivyo kila uso, bega na kiganja sharti viwe vimekwisha kuamuliwa.

Mfano bora ni wa Diego Rivera wa Meksiko, aliyefika Detroit, Marekani, mwaka 1932, akazunguka kiwanda cha magari cha Ford cha River Rouge akiwachora wafanyakazi kazini, kabla ya kupamba kuta za ukumbi wa makumbusho ya sanaa ya mji huo kwa picha 27 zilizokamilika Machi 1933. Kutokana na michoro hiyo midogo aliandaa mingine, kwa makaa, yenye ukubwa uleule wa ukutani; mistari yake ilinakiliwa kwenye karatasi nyembamba, ikatobolewa vitundu, kisha kifuko cha vumbi la rangi kikagongwagongwa juu yake hadi nukta zikabaki kwenye lipu. Baadhi ya michoro ya makaa ilikaa ghalani hadi ilipogunduliwa upya mwaka 1979. Kwenye ukuta wa kaskazini wanaume wanavuta injini wakiwa wameinama pamoja, na mashine zimewazunguka pande zote. Mchoro wa awali ndio unaomwacha mtu peke yake, mgongo na visigino vyake vikieleza uzito wa mzigo, na kwa hiyo unastahili heshima sawa na ukuta wenyewe.

Afrika Mashariki nayo ina picha za ukutani za Elimo Njau katika kanisa la Murang'a, Kenya, za mwaka 1959. Na huko wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda, chokaa na wafanyakazi wa kuchorwa wapo pia: karibu na Kitswamba kuna mawe ya chokaa ya Hima, wachimba chumvi wa Ziwa Katwe, na migodi ya shaba ya Kilembe iliyoanza uzalishaji mwaka 1956, mwaka ambao reli pia ilifika Kasese. Wachoraji na walimu wa sanaa wa Kasese na Bwera waanze sasa kuwachora wafanyakazi hao, kwa penseli na kwa ridhaa ya wachorwaji, maana wazee walioingia shimoni Kilembe wanazidi kupungua.