Je, Wajua? Asilimia Tatu ya Watu Ishirini

Je, wajua kwamba sheria ya Tanzania ya mwaka 2010 inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu? Sasa piga hesabu. Asilimia 3 ya watu 20 ni sehemu 6 tu kati ya 10 za mtu mmoja. Mtu mzima hapatikani mpaka ufikishe wafanyakazi 34. Mwajiri muungwana ataajiri mmoja tangu mwanzo. Mjanja atakaa na 33 miaka nenda rudi.

Na hapo tumesogea. Sheria ya 1982 ilitaja asilimia 2, tena kwa wenye wafanyakazi 50 na kuendelea.

Wajua kwamba Uingereza nayo iliwahi kutumia asilimia 3 kwa wafanyakazi 20? Msingi wake ni sheria ya 1944, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa bado vinaendelea. Mwaka 1946 serikali yao ikatenga kazi mbili mahususi kwa watu wenye ulemavu: kuendesha lifti na kusimamia maegesho ya magari. Mtu ametoka vitani, alikuwa akiongoza kikosi na kusoma ramani, kapoteza mguu. Anaporudi anaonyeshwa vitufe vya lifti! Utaratibu wa asilimia ulifutwa na sheria ya 1995, ila fikra ile bado ipo. Tazama ni ofisi ngapi za kwetu ambako mtu asiyeona huwazwa kwenye simu ya mapokezi tu, hata awe na shahada ya sheria.

Ujerumani, mwajiri wa watu 20 au zaidi asiyefikisha asilimia 5 hulipa tozo kwa kila nafasi aliyoiacha wazi, na fedha hizo husaidia kurekebisha sehemu za kazi za walioajiriwa. Kenya imetumia njia nyingine: mfanyakazi mwenye ulemavu aliyepata cheti cha msamaha hakatwi kodi ya mapato kwenye shilingi 150,000 za kwanza za mshahara wa mwezi.

Wajua kuhusu Neema Crafts ya Iringa? Ilianza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi waliokuwa wakitengeneza karatasi, ikiwamo ya kinyesi cha tembo. Leo ina karakana na mgahawa. Ukiketi mgahawani, mhudumu wako ni kiziwi, nawe unaandika oda yako kwenye karatasi. Anayetafuta maneno hapo ni mteja.

NVDA je? Ni programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye kompyuta, na mtu asiyeona anaitumia kuandika barua, kujaza majedwali na kujibu barua pepe. Ilianzishwa mwaka 2006 na Waaustralia wawili, Michael Curran na James Teh, wote wasioona. Inatolewa bure na ina hata sauti ya Kiswahili. Kwa hiyo bosi anayesema vifaa ni ghali, muulize: vipi?

Wajua kwamba ukimhoji kiziwi anayesoma midomo huku dirisha likiwa nyuma yako, uso wako unakuwa kiza na haoni unachosema? Geuza kiti. Hakuna bajeti inayohitajika hapo. Kwa anayetumia lugha ya alama, mwite mkalimani mapema, wala usimtegemee ndugu yake aliyemsindikiza.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia 2008 na Tanzania 2009, unamlinda pia aliyepata ulemavu akiwa kazini. Fundi aliyekatwa vidole na msumeno bado ni fundi.

Nawe unayeandaa tangazo la kazi wiki hii, futa sharti la leseni ya udereva ikiwa kazi yenyewe ni ya mezani. Kisha weka namba inayopokea ujumbe wa maandishi, maana kiziwi hawezi kupiga simu kuuliza usaili ni lini.