Nguo za mbio: wapi bei ina maana, wapi haina

Fulana ya kukimbilia kutoka kampuni kubwa ya Marekani au Ulaya huuzwa dola 40, 50 au zaidi. Ukiwahi soko la mitumba la Mchikichini, Ilala, belo likifunguliwa asubuhi, fulana ya kitambaa cha aina hiyohiyo utaipata kwa shilingi elfu chache. Na ile waliyokupa waandaaji wa mbio za mwaka jana bado ipo kabatini. Wanaojiandaa kwa mbio ndefu wanaulizana: ile ya bei mbaya inaufanyia mwili kitu gani ambacho hii haiufanyii? Jibu linategemea ni nguo gani. Kwa fulana, tofauti ni ndogo sana. Kwa sidiria, tofauti ni kubwa. Na ipo nguo moja ambayo hata ukipewa bure usiivae.

Tuanze na joto, maana ndilo linalotajwa sana kwenye matangazo. Mtu wa kilo 60 akikimbia kilomita 10 hutumia takriban kilokalori 600. Kati ya nishati hiyo, sehemu moja tu kati ya nne au tano ndiyo inayomsogeza mbele. Iliyobaki yote hugeuka joto ndani ya misuli. Joto hilo lazima litoke mwilini, na katika hali ya hewa yetu njia kuu ya kulitoa ni jasho. Lakini jasho halipozi kwa kutoka tu, linapoza kwa kukauka. Lita moja ikigeuka mvuke juu ya ngozi huondoka na kilokalori zipatazo 580. Jasho linalodondoka barabarani, au lile unalokamua kwenye fulana ukifika nyumbani, halikukupoza.

Hapo ndipo kitambaa kinapoingia. Pamba hunywa maji: uzi wenyewe unayavuta ndani na kuyashikilia. Fulana ya pamba ya gramu 150 ikilowa chepechepe inaweza kubeba maji yenye uzito sawa na wake au zaidi, na itakaa nayo muda mrefu. Poliesta, iliyobuniwa Uingereza mwaka 1941 na wanakemia John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, haiyanywi. Maji hubaki juu ya nyuzi na hupanda katikati yake kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi, yakienea upande wa nje ambako upepo unayakausha. Katika miaka ya 1980 kampuni za Marekani zilianza kuuza nyuzi za poliesta zenye vijifereji ubavuni ili usafiri huo uwe wa haraka zaidi. Wakati huo teknolojia hiyo ilikuwa mpya, na bei yake ilikuwa na sababu. Leo nyuzi za namna hiyo zinatengenezwa na viwanda vingi vya Asia, na vitambaa vyake vimo kwenye jezi za bei ya chini kabisa.

Je, tofauti kati ya pamba na poliesta inafika ndani ya mwili? Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio katika jarida la Medicine & Science in Sports & Exercise. Waliwakimbiza watu kwenye joto la nyuzi 30, mara wakiwa na nguo za pamba, mara na nguo za kitambaa kilichotengenezwa mahususi kukausha jasho, mara wakiwa karibu watupu. Joto la ndani ya mwili halikutofautiana kwa kiasi chochote cha maana. Kama kitambaa maalumu hakikuishinda hata pamba, basi poliesta ya dola 50 haiwezi kuwa na muujiza mkubwa mbele ya poliesta ya mtumba.

Kwa sisi wa pwani kuna jambo zito zaidi. Jaribio lile lilifanyika kwenye hewa kavu kiasi. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, hewa yenyewe imejaa mvuke miezi mingi ya mwaka, na jasho halina pa kwenda. Hakuna uzi unaoweza kukausha jasho kwenye hewa isiyopokea mvuke. Kinachosaidia ni nguo nyepesi na pana kidogo, inayopwaya ili hewa ipite kati yake na ngozi, kukimbia alfajiri, na kupunguza kasi. Mwanamke anayekimbia na hijabu na mikono mirefu anatumia kanuni hiyohiyo: achague kitambaa chepesi kinachopwaya, asichague kizito kinachoshika mwili.

Poliesta ina faida zake za kweli, ila si zile zinazotangazwa. Ya kwanza ni michubuko. Pamba iliyolowa hung'ang'ania ngozi na kuisugua, na kwenye mbio za kilomita 21 au 42 msuguano huo huchubua kwapa, mapaja na chuchu hadi damu. Wanaume wengi hushtuka wakiona madoa mekundu mawili kifuani baada ya nusu marathoni. Fulana isiyoshika maji hupunguza tatizo, na mafuta ya mgando yaliyopakwa kabla ya kuanza hulipunguza zaidi, kwa bei ya kopo dogo. Ya pili ni baridi. Iten, mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, au Njombe mwezi Julai, nguo iliyolowa huvuta joto la mwili haraka mara tu unaposimama. Huko pamba si nguo ya kukimbilia.

Ya tatu ni jua, na inawahusu zaidi ndugu zetu wenye ualbino. Fulana nyeupe nyepesi ya pamba hupitisha sehemu ya mionzi ya urujuanimno, na ikilowa hupitisha zaidi. Poliesta iliyofumwa kwa kubana, ya rangi iliyokolea na yenye mikono mirefu, hukinga vizuri zaidi. Inyanyue fulana kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapenya kwa wingi, na mionzi inapenya.

Poliesta ina lawama moja inayostahili: harufu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walikusanya fulana za watu 26 waliotoka kwenye mazoezi makali ya baiskeli za ndani. Fulana za poliesta zilinuka vibaya kuliko za pamba, na bakteria wa jamii ya Micrococcus, ambao wanahusishwa na harufu hiyo, walistawi zaidi juu yake. Kampuni nyingine hutia dawa ya kuua bakteria na kuongeza bei, lakini dawa nyingi za aina hiyo hupungua kila nguo inapofuliwa. Fua siku hiyohiyo, igeuze ndani nje, anika juani. Usitie dawa ya kulainisha nguo, maana huacha utando juu ya nyuzi na kuzuia jasho kusafiri.

Sasa sidiria, na hapa naomba wasomaji wanaume wasiruke aya, kwa kuwa mara nyingi wao ndio makocha na viongozi wa klabu. Ndani ya titi hamna misuli. Limeshikiliwa na ngozi na kano nyembamba tu, na mtu akikimbia hupanda na kushuka, huenda kushoto na kulia, na mbele na nyuma, yote kwa wakati mmoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, waliwahoji wanawake 1,285 waliohusika na London Marathon ya mwaka 2012, na asilimia 32 walisema wanapata maumivu ya matiti. Maumivu hayo hayakuwa ya wenye matiti makubwa peke yao. Wapo waliopunguza mazoezi kwa sababu hiyo. Tunapowaona mabinti wakijitoa kwenye michezo shuleni, tunasema wamekuwa wavivu au wameanza kuona aibu. Ni wachache wanaouliza kama wana kitu cha kuvaa.

Sidiria ya michezo yenyewe haina umri mkubwa. Ya kwanza ilishonwa Vermont, Marekani, mwaka 1977, na Lisa Lindahl, Polly Smith na Hinda Miller, kwa kuunganisha nguo mbili za kuhifadhi sehemu za siri za wanamichezo wanaume. Kitu cha kulipia ni ukanda wa chini, ule unaozunguka mbavu, kwa kuwa ndio unaobeba kazi kubwa kuliko mikanda ya mabegani. Uwe imara, uingie vidole viwili na si zaidi, na usipande mgongoni unapoinua mikono. Kisha ruka palepale dukani mara kadhaa. Titi likimwagika juu au pembeni, sidiria ni ndogo. Likicheza ndani, ni kubwa. Sidiria ya bei ya kati inayokutosha ni bora kuliko ya gharama isiyokutosha, lakini ile ya bei ya chini kabisa mara nyingi ni kipande cha kitambaa cha kuvutika tu, na mpira wake hulegea mapema. Mtumba hapa haufai: mpira umeshachoka, na Shirika la Viwango Tanzania, TBS, limepiga marufuku nguo za ndani za mitumba.

Soksi ni hadithi ya kufurahisha. Mwaka 1990 madaktari wa miguu wa Marekani waliwapa wakimbiaji soksi za pamba na za akriliki, na za pamba zikasababisha malengelenge mengi na makubwa zaidi. Walipolirudia jaribio mwaka 1993 kwa soksi za ufumaji wa kawaida, tofauti ikatoweka. Kilichowalinda wakimbiaji mara ya kwanza kilikuwa pia unene na ufumaji wa soksi, si uzi pekee. Basi angalia kisigino na vidoleni kama pamefumwa kwa unene, na kama mshono wa vidoleni umelala. Soksi ndefu za kubana zinaweza kupunguza kidogo maumivu ya misuli kesho yake. Kukuongezea kasi, ushahidi ni dhaifu.

Kuhusu viatu, watafiti wa Dundee, Scotland, walilinganisha raba za bei tatu tofauti kutoka kampuni tatu, wakachapisha matokeo mwaka 2008: za bei ya chini na ya kati zilipunguza mshindo sawa na za bei ya juu. Viatu vya sasa vyenye bamba la kaboni na povu jepesi kweli huokoa nishati, kama asilimia 4 kwa wastani katika vipimo vya maabara vilivyofanywa Colorado kwa kiatu cha kwanza cha aina hiyo, lakini jaribio hilo lilifanywa kwa wakimbiaji wa kasi ya juu.

Nguo ninayosihi msiivae ni suti ya nailoni ya kutoa jasho, pamoja na mfuko wa plastiki unaofungwa tumboni. Zinauzwa kwa ahadi kwamba mafuta yatayeyuka. Hayayeyuki. Uzito unaopungua kwenye mizani ni maji, na unarudi ukinywa maji. Wakati huohuo mvuke umefungiwa, jasho halikauki, na joto la misuli linabaki ndani. Novemba na Desemba 1997, wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walifariki ndani ya takriban mwezi mmoja wakijipunguza uzito kwa njia hii, wakifanya mazoezi kwenye joto huku wamevaa nguo zisizopitisha mvuke. Walikuwa vijana wenye afya. Shirikisho la michezo la vyuo, NCAA, likapiga suti hizo marufuku. Huku kwetu zinavaliwa na watu wa makamo, wengine wenye presha, saa mbili asubuhi kando ya bahari. Ukimwona mwenzako anapepesuka, anaongea yasiyoeleweka, na mwili unawaka, mpeleke kivulini, mvue, mmwagie maji ya baridi, mpepee, na mkimbize hospitali.

Ukichagua fulana ya mtumba, ipime kwa mikono. Ikunje ndani ya ngumi kisha iachie. Poliesta hunyooka, pamba hubaki na makunyanzi. Igeuze, pitisha kidole gumba kwenye mishono ya kwapani: mshono mzuri umelala bapa, mbaya una ukingo unaokwaruza. Dondosha tone la maji upande wa ndani; likienea haraka na kulowesha upande wa nje, kitambaa kinafanya kazi yake. Lebo usiitegemee, kwa sababu ni rahisi kuishona lebo ya kampuni kubwa kwenye nguo feki.

Ombi langu la mwisho ni kwa viongozi wa klabu za jogging na waandaaji wa mbio, kwa sababu ninyi ndio mnaowavisha watu wengi kwa mkupuo mmoja. Kabla ya kumlipa mtengenezaji, ombeni kipande cha kitambaa na mkipime kwa tone la maji. Punguzeni chapa za wadhamini: nembo pana ya mpira inayofunika kifua na mgongo inaziba palepale ambapo mkimbiaji anatoa jasho jingi. Agizeni saizi za wanawake, si za wanaume zilizopunguzwa. Na kama bajeti ikiruhusu zawadi moja tu kwa timu ya wasichana msimu huu, iwe sidiria za michezo zilizopimwa kwa kila mmoja. Fulana wanazo tayari.