Kupandikiza nywele: Mapanja nayo yarejeshwe au yaachwe?

Na Mwandishi Wetu

MWANAUME aliyeanza kuota upara hutazama zaidi paji la uso na utosi. Ni wachache wanaotazama mapanja, ile sehemu iliyo kati ya jicho na sikio ambayo kinyozi huichonga kwa wembe ili uso uonekane nadhifu.

Hata hivyo, afikapo kwa daktari wa kupandikiza nywele, mapanja ndiyo yanayoweza kumpa kazi kubwa ya kufikiri. Je, yarejeshwe pamoja na nywele za mbele, au yaachwe yalivyo?

Uamuzi huo si mdogo kwa sababu haufutiki kwa urahisi. Nywele iliyopandwa vibaya katikati ya kichwa inaweza kufichwa na nyingine zinazoizunguka. Iliyopandwa vibaya kwenye panja huonekana na kila anayeketi kando ya mtu huyo ndani ya daladala.

Kwa kijana, nywele za panja hutokeza mbele mithili ya ncha ya pembetatu iliyoelekea mwisho wa nyusi, kisha mstari hurudi nyuma na kushuka hadi kwenye sharafa. Ncha hiyo ndiyo inayoupa uso fremu yake. Ikitoweka, uso huonekana umepanuka, hata kama nywele za mbele bado zipo.

Madaktari Melvin Mayer na David Perez-Meza waliyagawa mapanja katika madaraja manne. La kwanza ni panja la kawaida. La pili ni lililopungua nywele. La tatu limepoteza ncha yake, mstari ukabaki wima sambamba na sharafa, na la nne limerudi nyuma kabisa hadi mstari ukapinda kuelekea sikioni.

Upara wa wanaume husababishwa na homoni iitwayo dihidrotestosteroni, ambayo mwili huitengeneza kutokana na testosteroni. Kwa waliorithi udhaifu huo, homoni hiyo hudhoofisha mashina ya nywele za mbele na utosini mpaka yanatoa malaika tu. Mwaka 1942, Mmarekani James Hamilton alionyesha kuwa wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawakuota upara.

Nywele za kisogoni kwa kawaida hazidhuriki. Daktari wa ngozi wa New York, Norman Orentreich, ambaye alianza kuzihamisha mwaka 1952 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1959, aligundua kuwa nywele ya kisogoni huendelea na tabia yake ya kisogoni hata ikipandwa kwenye paji la uso. Upandikizaji wote wa leo umejengwa juu ya ugunduzi huo.

Lakini upandikizaji hauongezi nywele hata moja. Huzihamisha tu kutoka sehemu moja ya kichwa hadi nyingine, na shina likishatolewa kisogoni halioti tena pale lilipotoka.

Daktari huhesabu kwa vipandikizi, na kila kipandikizi hubeba nywele moja hadi nne. Madaktari wengi hukadiria kuwa mtu anaweza kutoa vipandikizi kati ya 4,000 na 8,000 katika maisha yake yote, bila kisogo kubaki kikionekana kama kichaka kilichofyekwa. Panja moja huweza kuhitaji 150 hadi 400, kutegemea limerudi nyuma kiasi gani.

Tuchukue mfano wa mtu mwenye akiba ya vipandikizi 5,000. Nywele za mbele zikichukua 2,400 na mapanja yote mawili 600, zinabaki 2,000 tu. Utosi wake ukija kufunguka wote, unaweza kuzimeza zote hizo na bado ukaonekana mwepesi.

Ndiyo maana umri wa mgonjwa ni jambo la kwanza kutazamwa. Jedwali la upara linalotumika zaidi duniani, lililoanzishwa na Hamilton mwaka 1951 na kurekebishwa na O'Tar Norwood mwaka 1975, lina hatua saba. Kijana wa miaka 25 aliye katika hatua ya tatu hawezi kuambiwa kwa uhakika kama ataishia hapo au atafika ya saba.

Mashabiki wa soka watamkumbuka Wayne Rooney, ambaye mwaka 2011, akiwa na miaka 25 na akiichezea Manchester United, alitangaza mwenyewe kwamba amepandikiza nywele jijini London. Mwaka 2013 alirudi kwa upasuaji wa pili. Kurudi kwa namna hiyo si ajabu, kwani upara hauwi umekwisha safari yake siku mtu anapopandikizwa.

Kwa upande wa mapanja, hatari yenyewe iko hivi. Daktari akipanda ncha ya ujana kwa kijana, na nywele za asili zilizo nyuma yake zikaendelea kurudi nyuma, baada ya miaka kadhaa hubaki kisiwa cha nywele kando ya uso, kimezungukwa na ngozi tupu. Hapo mhusika hulazimika kuongeza vipandikizi kuziba pengo, kama bado anavyo.

Wapo wanaodhani dawa zitaulinda mstari huo. Finasteridi ya miligramu moja iliidhinishwa Marekani mwaka 1997 kwa ajili ya upara wa wanaume, lakini maelezo yaliyoidhinishwa ya dawa hiyo yalisema wazi kuwa ufanisi wake kwenye pembe mbili za mbele, juu ya mapanja, haujathibitishwa.

Kosa la upande wa pili nalo lipo, na kwa maoni ya mwandishi huyu ndilo linaloonekana kwa haraka zaidi. Ni pale nywele za mbele zinaposhushwa na kujazwa vizuri huku mapanja yakiachwa nyuma sana. Ukimtazama mtu huyo kutoka mbele amependeza. Akigeuka pembeni, anaonekana kama aliyevaa kofia isiyomtosha.

Kwa hiyo mstari wa mbele na mapanja havina budi kuamuliwa pamoja. Mtu wa miaka 45 ambaye upara wake umetulia, ana kisogo kizito na mapanja ya daraja la tatu, anaweza kuyarejesha kwa kiasi, bila kudai ncha kali aliyokuwa nayo shuleni. Kijana ambaye baba na wajomba zake wana vipara vikubwa ni heri ayaache, na mstari wa mbele nao uachwe juu ili vilingane. Mstari wa juu haumfanyi mtu kuwa mzee. Wanaume wengi wa makamo wanao na hakuna anayewashangaa.

Hata pale jibu linapokuwa ndiyo, kazi yenyewe ni ngumu. Nywele za panja ni nyembamba, hutoka moja moja na hulala karibu kabisa na ngozi zikielekea chini na nyuma. Daktari hutafuta nywele laini, mara nyingi zilizo karibu na masikio, na kutoboa matundu yaliyolala mno. Nywele nene ya kisogoni ikipandwa hapo kwa kusimama, huonekana kama uzi wa burashi.

Kwa wenye nywele za kipilipili kuna faida na hasara. Faida ni kwamba nywele iliyojikunja hufunika eneo kubwa, hivyo chache hutosha. Hasara ni kwamba shina nalo hupinda chini ya ngozi, na daktari asiyezizoea anaweza kulikata wakati wa kulitoa. Wanaopata makovu ya keloidi wanapaswa kusema mapema. Na wanaonyoa nywele fupi sana wakumbuke kuwa alama za kisogoni zinaweza kuonekana.

Kwa wanawake, suala hili lina sura nyingine. Wengi hupoteza nywele za mapanja kwa sababu ya misuko ya kubana na rasta nzito zinazovuta nywele mwaka baada ya mwaka. Zikiachwa mapema, nywele hurudi zenyewe. Zikichelewa kuachwa, mashina hufa. Mwanamke huyo akiwa ameacha kubana, na kisogo chake kimejaa, hana sababu kubwa ya kusita kurejesha mapanja.

Lakini ni lazima kwanza daktari wa ngozi athibitishe chanzo. Upo ugonjwa, ulioelezwa na Steven Kossard wa Australia mwaka 1994, unaoua mashina ya nywele za mbele na za mapanja na mara nyingi kuondoa nyusi, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi. Kupandikiza wakati ugonjwa huo ungali hai ni kupoteza fedha, kwani hata nywele mpya zinaweza kushambuliwa.

Anayekwenda kupandikiza, iwe hapa nyumbani au Istanbul nchini Uturuki, ambako wageni wengi humiminika kwa shughuli hiyo, aombe mstari uchorwe kwa kalamu kabla ya ganzi, kisha ajitazame pembeni kwa vioo viwili. Aombe pia picha za pembeni za watu wenye nywele kama zake, na aulize ni nani atakayetoboa matundu, daktari mwenyewe au wasaidizi wake.

Baada ya hapo ni kusubiri. Nywele zilizopandwa huanguka ndani ya wiki chache huku mashina yakibaki, mpya huanza kuchomoza kati ya mwezi wa tatu na wa nne, na matokeo hupimwa baada ya mwaka mmoja. Katika kipindi hicho, kinyozi asipitishe wembe kwenye panja jipya mpaka daktari atakaporuhusu.