"Eventide": Ni Jioni, si Bahari

Kikundi kimoja cha vijana kilituletea kazi. Mama wa kwaya alikuwa ameaga dunia, na familia iliomba ule wimbo wa Kiingereza, "Abide with Me", uimbwe kwa lugha ya nyumbani siku ya mazishi. Vijana walitafsiri vizuri, lakini walipofika kwenye neno "eventide" wakaandika habari za maji ya bahari kujaa. Hatuwalaumu. Shuleni sote tulifundishwa kwamba "tide" ni maji kujaa na kupwa.

Je, neno hili lina maana gani?

Ni maneno mawili yaliyounganishwa. "Even" hapa si ile ya hesabu. Ni jina la zamani la jioni. Nayo "tide", katika Kiingereza cha miaka zaidi ya 1,000 iliyopita, ilikuwa "tid", yaani wakati au majira. Kijerumani ni ndugu ya Kiingereza, na mpaka leo Wajerumani wakitaka kusema wakati husema "Zeit". Ndiyo sababu pia majira ya Krismasi huitwa "Christmastide". Kumbe bahari ilipewa neno hili baadaye, kwa kuwa maji hujaa na kupwa kwa wakati wake!

Basi "eventide" ni wakati wa jioni, jua likitua na giza likianza kuingia. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ndiyo saa Isaka aliyotoka kwenda kutafakari kondeni (Mwanzo 24:63). Siku hizi Waingereza wenyewe hawalitumii katika mazungumzo. Limebaki kwenye nyimbo na mashairi.

Mtunzi, Henry Francis Lyte, alikuwa mchungaji huko Brixham, mji wa wavuvi kusini mwa Uingereza. Bahari aliijua sana. Lakini wimbo wake unatoka Luka 24:29, pale wanafunzi wa Emau wanapomsihi mgeni wao asiende kwa sababu kunakuchwa. Lyte alifariki mwaka 1847 baada ya kuugua kifua. William Henry Monk aliutungia muziki uliochapishwa mwaka 1861, akauita jina hilohilo, "Eventide".

Vijana walisahihisha ubeti, na mama yule akaimbiwa habari za jioni, si za bahari. Jioni ya maisha kila mfiwa anaielewa. Ndugu zetu, tukitafsiri, tuulizane hata maneno tunayodhani tunayajua. Hayo ndiyo hutupoteza upesi.